Anti, nauza simu za mkopo, na mikopo inanimaliza

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 33, naishi Mbagala na mume wangu. Nimesita sana kukuandikia, maana ninachouliza ni aibu kwa mtu wa kazi kama yangu.

Nauza simu za mkopo Kariakoo. Nina mwavuli, meza na fulana ya kampuni. Mshahara sina, nalipwa kamisheni ya shilingi 8,000 kwa kila simu inayotoka. Mteja anatoa kianzio cha 60,000, anaondoka na simu, kisha analipa 1,600 kila siku kwa mwaka mzima. Asipolipa, simu inajifunga yenyewe mpaka alipe. Hata hii ninayokuandikia niliichukua kwa utaratibu huohuo.

Nilipoanza nilikuwa natoa simu 70 na zaidi kwa mwezi. Mwezi uliopita zimetoka 31. Watu bado wanakuja, wanauliza "kianzio ngapi?", lakini nikiingiza namba ya NIDA wengi wanakataliwa, wanadaiwa kwingine. Wapo wanaokuja mkononi wameshika simu iliyojifunga, wanataka mpya.

Mume wangu ni bodaboda wa mkataba. Hesabu ni 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 60, halafu pikipiki inakuwa yake. Tumeshalipa wiki 41. Akitoa hesabu na mafuta anabaki na kama 12,000.

Mwezi wa kwanza shule zilifunguliwa, na kodi ya miezi sita ikafika siku hizohizo, 300,000. Nikachukua mkopo wa kausha damu wa 400,000. Wakakata 20,000 ya fomu. Rejesho ni 13,000 kila siku ya kazi kwa siku 40. Sikuweza kumaliza mpaka nilipochukua nyingine, nayo nikaimaliza kwa nyingine. Sasa niko raundi ya tatu, zimebaki siku 22. Televisheni, jokofu na magodoro yameandikwa dhamana. Mume wangu anajua raundi ya kwanza tu.

Siku nilizokosa rejesho nilikopa kwenye programu mbili za simu. Moja inanidai 85,000, nyingine 60,000. Mojawapo ilituma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Mwalimu wa mwanangu aliupata. Alinionyesha getini, mbele ya wazazi wengine.

Kikoba ninacho, nina hisa za 180,000, lakini sijakanyaga wiki saba. Nitawatazamaje wenzangu? Na wakati huohuo nina kadi ya harusi ya mtoto wa msimamizi wangu, nimeahidi 100,000. Mwanangu wa darasa la sita analia anataka tableti kwa kuwa wenzake wanazo, na nimefikiria kumchukulia kwa mkopo kwa jina la dada yangu.

Kilichonifanya niandike ni mama mmoja muuza vitumbua. Nilimuuzia simu mwezi wa tatu. Juzi alirudi imejifunga, akaniambia wateja wake wanalipa kwa simu na sasa hawezi kuona hela imeingia au la. Hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, si uliniambia ni elfu moja na mia sita?" Nilishindwa kumjibu. Usiku huo nilikaa nje mpaka saa saba.

Anti, nitokeje? Niendelee kuuza? Na hii kazi yenyewe ina maisha? Nikitazama Kariakoo, kila kitu sasa ni kianzio: jokofu, sofa, pikipiki. Kila mtu akishakuwa na deni, atakayenunua atatoka wapi?

Mama wa Mbagala

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma asubuhi, mchana na usiku. Nianze na pale ulipojiita mtu wa aibu, kwa sababu hapo sikubaliani nawe. Nimetafuta anasa ndani ya barua yako sikuiona. Nimeona kodi, ada ndogondogo za shule, pikipiki ya kazi, na simu ambayo bila hiyo huwezi kufanya kazi yenyewe. Kwa hiyo sitakuambia "punguza matumizi" kama wanavyosema wengi wanaoshauri kuhusu fedha. Hebu tupige hesabu tuone kama yapo ya kupunguza.

Simu 31 kwa 8,000 ni 248,000. Mumeo, 12,000 kwa siku 26, ni 312,000. Jumla nyumba yenu inaingiza 560,000 kwa mwezi. Kausha damu, 13,000 kwa siku 26, inachukua 338,000. Simu yako inachukua 48,000. Zinabaki 174,000. Hiyo ni 5,800 kwa siku kwa watu watano, na humo kuna mkaa, unga, mboga, nauli yako ya Kariakoo, luku, na mtoto akipata homa. Haiwezekani. Hata angekaa hapo mwanamke mbahili kuliko wote Mbagala isingewezekana. Hukurudia kukopa kwa ujinga. Mkopo ule ulipangwa hivi kwamba mtu wa kipato chako hawezi kuumaliza bila kuchukua mwingine.

Tazama pia bei yake. Mkononi ulipokea 380,000, unarudisha 520,000. Kila raundi inakugharimu 140,000, na raundi tatu ni 420,000. Yaani ukimaliza hii utakuwa umetoa zaidi ya ulichokopa mara ya kwanza, kwa ajili tu ya kukaa na fedha za kodi iliyolipwa tangu Januari. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ni hawa wasiopokea amana. Kwa mkopo wako wa 400,000 kwa siku zile 40 za kazi, riba hiyo isingezidi 22,000. Iweke karibu na ile 140,000 uone. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018, na inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Waulize leseni yao iko wapi, na udai nakala ya mkataba uliosaini. Wengi wetu tunasaini tukiwa na haraka ya fedha, karatasi wanabaki nayo wao.

Sasa kutoka. Hapa nitakuambia jambo linalofanana na kosa ulilolifanya, kwa hiyo nisikilize vizuri. Nataka ukope mara moja tena, ulipe kausha damu yote, kisha mlango huo uufunge.

Ukope kikoba. Hisa zako ni 180,000, na vikoba vingi vinamruhusu mwanachama kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Wewe unahitaji 300,000 tu. Deni lililobaki ni siku 22 kwa 13,000, yaani 286,000. Ile 14,000 inayobaki ni ya faini za wiki saba ulizokosa, na ulipe bila kubembeleza. Tuseme riba ya kikoba chenu ni asilimia 10 kwa miezi mitatu: utarudisha 330,000 kwa vikao 12, ambayo ni 27,500 kwa wiki. Leo kausha damu inakutoa 78,000 kwa wiki. Umeona tofauti? Ni 50,500 kila wiki inayorudi jikoni kwako. Ni kweli mwishoni utakuwa umelipa zaidi kidogo kuliko ukibana meno ukamaliza hizi siku 22. Lakini wewe na mimi tunajua huwezi kuzimaliza bila raundi ya nne. Na riba ya kikoba haiendi kwa mtu usiyemjua. Inaingia kwenye sanduku ambalo lina hisa zako, na siku ya kuvunja kikoba sehemu yake inarudi kwako.

Kabla hujapeleka hizo fedha, waulize kausha damu watakupunguzia kiasi gani ukimaliza kwa mkupuo mmoja. Wengine wanakubali, wengine hawakubali. Ukishalipa, usiondoke bila karatasi inayosema deni limekwisha na dhamana zimeachiliwa. Na wakija kukutishia kuchukua magodoro kabla ya hapo, kumbuka kwamba mtoza madeni hana ruhusa ya kuingia kwako kwa nguvu. Nenda serikali ya mtaa, na ikibidi polisi, nenda na mtu.

Aibu ya kikoba naielewa, nimekuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka mingi. Nikwambie ninachokijua kutoka upande ule wa meza: mwanachama akipotea, tunaodhani ametukimbia ni wachache. Wengi tunajua amebanwa, kwa sababu nusu yetu tumepita hapohapo. Kinachotuudhi ni kimya. Mpigie mwenyekiti leo, umwambie yote kabla ya kikao, usimwachie aulize mbele za watu.

Programu mbili za simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni, ikazipiga marufuku. Itafute orodha uangalie kama zako zimo. Lipa fedha uliyoipokea, polepole, ile ya 60,000 kwanza kwa kuwa itakwisha mapema, na usikubali kamwe kuongezewa muda kwa kulipia "ada ya kusogeza". Ingia kwenye simu uzizuie programu hizo zisione majina ya watu wako. Na ule ujumbe alioupata mwalimu usiufute, mwombe akutumie picha yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukuvua nguo mbele ya wazazi wenzako. Hilo lilinichoma moyo kuliko yote uliyoandika.

Pikipiki isiguswe. Katika madeni yenu yote ndilo pekee ambalo mwisho wake mnabaki na kitu kinacholeta chakula. Zimebaki wiki 19. Ni 1,140,000 kati ya 3,600,000. Mkikosa sasa, jasho la wiki 41 linaondoka na tajiri. Mumeo ahakikishe kila hesabu imeandikwa na kusainiwa, na waanze kuzungumza mapema kuhusu kadi ya pikipiki kuhamia jina lake, kwa sababu ugomvi mwingi wa mikataba hii huzuka wiki ya mwisho.

Na mumeo huyo umwambie. Najua unaogopa. Lakini anatoka alfajiri anarudi usiku akidhani anajenga, kumbe televisheni anayoitazama imeandikwa kwa watu. Siku wakija kuichukua, kitakachomuumiza zaidi ni kujua kwamba majirani walijua kabla yake. Chagua Jumapili, siku ambayo haendi kijiweni. Weka karatasi zote mezani pamoja na mpango, usiweke deni peke yake. Kama kuna dada au shemeji anayemheshimu, awepo.

Harusi ya mtoto wa msimamizi: mwendee kabla hajakukumbusha, umpe 20,000 mkononi, umwambie ukweli kwamba zaidi ya hapo ungemchangia kwa fedha ya kukopa, na kwamba siku ya shughuli uko jikoni tangu asubuhi. Michango yetu ilianza kama mikono ya kusaidiana, ndugu wanaleta mchele, wengine kuni, wengine wanakuja kupika. Ni kadi zenye bei ndizo zilizotufikisha hapa. Akikasirika, atakasirika kwa wiki moja.

Tableti, hapana. Na kwa jina la dada yako, hapana mara mbili. Ukimpa dada yako deni lako, siku tableti ikijifunga utakuwa umempoteza na dada. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu viko mtandaoni bure, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuvisoma kwenye simu yako jioni ukiwa unapika. Atalia. Mkalishe, mwonyeshe zile hesabu za 5,800. Watoto wa umri huo wanaelewa kuliko tunavyodhani, na wanapenda kuambiwa mambo ya watu wazima.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo nimelifikiria zaidi ya mengine yote.

Mama yangu alikuwa mshonaji Tanga. Cherehani yake ya Singer aliipata kwa kulipa kidogokidogo dukani, na risiti zake alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Baadaye nikaja kusoma kwamba huko Marekani kampuni hiyohiyo ilikuwa inauza cherehani kwa malipo ya awamu tangu miaka ya 1850. Kwa hiyo kianzio si kitu cha jana. Mama alilipa kwa mwezi, baada ya kupokea fedha za sare za shule, na mwezi ambao sare hazikuwepo mwenye duka alimsubiri kwa sababu walifahamiana. Cherehani yenyewe ndiyo iliyokuwa inajilipa. Mambo mawili hayo ndiyo ninayoyakosa kwenye simu zenu: malipo yanayofuata kipato, na mtu wa kuzungumza naye ukikwama. Mfumo wenu unadai 1,600 siku ya mvua na siku ya jua. Muuza vitumbua hauzi sawa siku ya mvua na siku ya jua.

Umeuliza kila mtu akishakuwa na deni atanunua nani. Swali hilo limewahi kujibiwa, na jibu lilikuwa chungu. Mwaka 1919 General Motors ilianzisha kampuni yake ya kukopesha wanunuzi wa magari, na miaka kumi iliyofuata Wamarekani wengi wakawa wananunua magari, samani na redio kwa awamu. Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na watu wakaanza kuogopa kupoteza kazi. Mikataba ya wakati ule ilikuwa kama wa mumeo: ukishindwa malipo, gari linachukuliwa na yote uliyolipa yanapotea. Wachunguzi wa uchumi wameeleza kilichofuata. Familia hazikuacha kulipia gari, ziliacha kununua vitu vingine. Maduka yakakosa wateja, viwanda vikapunguza watu, na waliopunguzwa nao wakaacha kununua. Deni la gari moja lilifunga duka la viatu mtaa wa pili.

Mimi naona jambo la namna hiyo, kwa udogo wake, kwenye meza yako. Wale wanaokataliwa ukiingiza namba ya NIDA hawajaacha kutaka simu. Fedha yao ya kesho na keshokutwa imeshachukuliwa na jokofu, au kausha damu, au simu ya kwanza. Kukopa fedha kupitia simu kulipoanza kwetu, M-Pawa ilipoingia mwaka 2014, mtu aliyekopa alikuwa bado na kesho yake nzima. Sasa kesho hiyo imegawanywa. Deni haliongezi kipato, linakileta mbele tu, na kipato cha bodaboda na mama lishe hakijakua kwa kasi ya vianzio. Kwa hiyo ndiyo, naamini kazi yako itapungua zaidi. Haitaisha, lakini isiwe nguzo yako.

Ila sioni kwamba watu wataacha kununua. Watanunua kwa namna nyingine, na mengi yameshaanza. Angalia mtaa wa Aggrey: simu zilizotumika kutoka Dubai zinauzwa taslimu, na mafundi wana foleni. Mtu asiye na uhakika wa kesho anatengeneza alichonacho. Wewe unazijua simu kuliko wengi, unajua ipi inarudi na ipi haifi. Kaa jioni mbili kwa wiki na fundi, ujifunze kubadilisha kioo na betri. VETA ya Kipawa wamekuwa na kozi fupi za TEHAMA, kaulize kuhusu ufundi simu. Wenzako wa kikoba nao wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake, ile ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka uliofuata, na hauna riba. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Lakini fedha hiyo ni ya kununulia vioo na vifaa vya ufundi, isiguse deni hata moja, la sivyo utakuwa umewaingiza na wenzako shimoni.

Usiache kuuza kesho. Watoto hawali dhamira. Uza, lakini badilisha namna unavyouza. Chukua karatasi, andika kwa kalamu nene: taslimu 320,000 (kama ndiyo bei yake dukani, nami nimeona za namna hiyo kwa bei hiyo), mkopo 644,000. Maana 1,600 kwa siku 365 ni 584,000, jumlisha kianzio 60,000. Mteja aione kabla hajatoa kitambulisho. Kisha umuulize swali moja: simu hii itakuingizia fedha gani? Dereva wa bolti atakujibu papo hapo. Wengine watanyamaza, na baadhi yao wataondoka, nawe utapoteza 8,000. Ninajua ninachokuomba, kwa mtu mwenye 5,800 ya kula. Ndiyo maana nimetangulia kukutafutia ile 50,500 ya wiki, ili uweze kumwambia mtu ukweli bila watoto kulala njaa.

Baada ya wiki 19 pikipiki itakuwa yenu. Siku hiyohiyo atakuja mtu na mkataba wa pikipiki ya pili, au jokofu kubwa, atasema sasa mnaaminika. Mkataeni. Endeleeni kutoa hesabu ya 10,000 kama mlivyozoea, ila mjilipe wenyewe. Wiki tano tu ni 300,000, na hiyo ndiyo kodi yenu ya miezi sita, ile iliyokupeleka kausha damu. Ikizidi hapo, wekeni kikoba, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako unaweza kutoa fedha yako ukiihitaji. Mtu mwenye kodi ya miezi sita mkononi anasikiliza vianzio kwa masikio tofauti kabisa.

Yule mama wa vitumbua unajua anapouzia. Nenda kwake asubuhi kabla hujafungua mwavuli, ununue vitumbua vya watoto, umwambie bei yote kama ulivyopaswa kumwambia mwezi wa tatu. Halafu mwandamane mpaka ofisini kwenu, uwe wewe wa kuzungumza, mwombe simu ifunguliwe kwa malipo ya nusu na rejesho lake lihamie kwa wiki, siku anayopokea fedha za oda zake. Wakikataa, mwandikie kwenye karatasi namba yako na ya mtu wa Aggrey mwenye simu ndogo ya batani, itakayompa angalau ujumbe wa hela ikiingia.

Kikoba chenu kinakaa Jumamosi au Jumapili? Niandikie ukishatoka huko.